Kioo cha Gari la Shemeji

Kioo kilimwangukia Soli mapajani alasiri, jua likiwa bado kali, na ndani ya gari hapakuwa na mtu mwingine wa kumsingizia. Kilikuwa kile kioo kidogo kinachoning'inia juu mbele ya dereva, cha kutazamia yanayokuja nyuma, na sasa kilikuwa kinamwonyesha tundu za pua yake mwenyewe. Juu, kwenye kioo kikubwa cha mbele, palibaki doa la gundi iliyozeeka. Soli akasema "ala" kwa sauti ndogo, kisha akachungulia dirishani kuona kama kuna aliyemwona.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza magodoro, ambaye alilitoa kwa masharti mengi kuliko ya nyumba ya kupanga. Lilikuwa limeegeshwa uani tangu asubuhi kwa sababu kesho yake mke wa Soli angefanya mtihani wa udereva, na anayetahiniwa hutakiwa kuja na gari zima, lenye taa zake na vioo vyake vyote. Mke huyo alikuwa mlezi katika shule ya chekechea. Watoto walimwita Shangazi, wazazi wakaiga, mtaa ukafuata, na mwishowe hata mumewe akawa anamwita Shangazi, jambo lililowachanganya sana wageni. Dereva wa basi dogo la shule alikuwa anastaafu. Mwalimu mkuu alikwisha sema kazi ni ya Shangazi akifaulu. Asipofaulu, itakwenda kwa mpwa wa mwalimu mkuu, kijana ambaye tayari alikuwa akiligusagusa lile basi kila apitapo. Mtihani mwingine ungechukua miezi kuja. Kwa hiyo Shangazi alikuwa na kesho tu.

Sasa, ajali ni ajali, na mume mwingine angepiga simu akasema kioo kimeanguka, samahani. Soli hakuwa na nafasi hiyo, na aliyemnyima nafasi hiyo ni mdomo wake mwenyewe. Siku za karibuni, pale kibandani anaposhona viatu, pua na mdomo na kinyozi, watu walimtania kwamba si muda ataanza kuendeshwa na mkewe. Yeye, ili wacheke, akajibu: "Siku mke wangu akikamata usukani, mimi natembea kwa miguu. Viatu ninavyo." Walicheka kweli. Kinyozi alizima mashine, akamwacha mteja na nusu ya kichwa, ili acheke kwa nafasi. Maneno yale yakafika nyumbani kabla ya aliyeyasema. Shangazi hakugomba. Alimwandalia chakula, akakaa kimya, na ukimya huo ulikuwa bado haujaisha sawasawa mpaka siku ile ya kioo. Nani angekubali kwamba kimeng'oka kwa bahati mbaya, mkononi mwa mtu yuleyule?

Na ukweli wenyewe, kwa namna yake, ulikuwa mbaya zaidi. Soli hakuwa akifuta vumbi wala kukagua chochote. Alikuwa akiendesha. Hajui kuendesha, na funguo alikuwa nazo mama mkwe ndani, lakini mlango wa gari haukufungwa, kwa hiyo aliingia, akasogeza kiti nyuma, akashika usukani na kuendesha kwa mdomo. Alianza taratibu, vuuum. Akabadili gia kwa kukwaruza koo. Akalipita lori. Akapiga honi, pii piii, akamkaripia mwenye pikipiki ambaye hakuwapo. Pembeni yake, katika safari ile, aliketi Shangazi aliyevaa gauni la bluu. Nje mvua inanyesha, naye anampeleka kazini. Walipofika langoni mwa shule akataka kurudi kinyumenyume, akatazama juu, akaona dari tu, maana kioo kilikuwa kimetegwa kwa kimo cha mkewe. Akakikamata anavyokamata kiatu kilichogoma, akakipinda. Kikasema kak.

Mwanamume mwenye mvi kidevuni, fundi anayeaminiwa na nusu ya mtaa. Alikaa na kioo mapajani akiwaza: je, aonekane mtu mwenye roho mbaya, au aonekane mtu anayenguruma peke yake kwenye gari la watu? Akaona afadhali akibandike kabla hawajarudi.

*

Gundi haikuwa kitu kigeni kwake. Katika kazi ya viatu gundi ina adabu zake: unapaka upande wa soli, unapaka upande wa kiatu, unaviweka mbalimbali, unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole isinate. Ndipo unavikutanisha. Ndipo unagonga kwa nyundo. Asiyesubiri hurudishiwa kiatu na matusi juu yake. Kibandani kwake palikuwa na ubao ulioandikwa "Haraka haraka haina baraka", na wateja wengi waliamini umewekwa pale kuwanyamazisha wao.

Kioo kilishikwa na kibati kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti. Kibati hubandikwa kwenye kioo kikubwa, kisha kioo kidogo huchomekwa juu ya kibati na kukazwa kwa skrubu. Soli akapaka gundi ya viatu kwenye kibati, akapaka kwenye kioo kikubwa, akasubiri akiimba chinichini. Akabandika. Kikashika. Akatabasamu, na angeliishia hapo pengine mambo yasingekuwa mabaya hivyo. Lakini tangu aanze ufundi hajawahi kubandika kitu bila kukigonga. Akaizungushia nyundo kitambaa, maana yeye si mjinga, akapiga magoti juu ya kiti cha dereva, akaiinua.

Mama mkwe akatokea uani na beseni la nguo.

Mama huyu alikuwa amekuja kumwombea binti yake mtihani, na kati yake na Soli kulikuwa na heshima kubwa, ya kukohoa kabla ya kuingia na kuzungumza ukitazama chini. Soli alivijua viatu vya mama mkwe kuliko alivyoujua uso wake. Sasa mama akamwona mkwewe amepiga magoti ndani ya gari la mwanawe, nyundo iko juu, inaelekea kioo cha mbele, na kile kidogo hakipo mahali pake.

"Mwanangu," akasema polepole, kama anayezungumza na mtu aliye juu ya paa. "Shuka."

"Mama, nilikuwa nabandika."

"Kwa nyundo?"

"Ndivyo tunavyobandika sisi, mama."

Mama mkwe akaitazama nyundo, akalitazama gari. "Sawa. Basi nipe hiyo nyundo kwanza."

Soli akaitoa dirishani, mpini mbele, macho chini. Mama akaifunika kwa nguo mbichi ndani ya beseni, akarudi nayo ndani bila kuanika hata nguo moja. Kupitia dirisha la jikoni Soli akamsikia kwenye simu akisema njoo, hapana, hajaumia mtu, njoo tu. Nyuma yake kibati kikaachia, kikagonga dashibodi, kikapotelea chini ya kiti.

*

Shangazi alifika akiwa bado na aproni yenye rangi za watoto. Alilizunguka gari lote, akafungua mlango wa dereva, akainama.

"Kimeanguka chenyewe," akasema Soli kabla hajaulizwa.

"Wewe ukiwa wapi?"

"Nikifuta vumbi."

"Kitambaa kiko wapi?"

Kitambaa kilikuwa kimezungushwa kwenye nyundo, na nyundo ilikuwa kwa mama mkwe. Njia ya mwongo fupi, na ya Soli haikufika hata getini. Shangazi akashika kiti, akakitikisa.

"Kiti kimerudishwa nyuma. Anayefuta vumbi hanyooshi miguu. Ulikaa hapa. Ulikaa, ukafikiri."

"Sikufikiri kitu."

"Hilo naliamini," akasema mama mkwe kutoka mlangoni.

Shangazi akakaa ukingoni mwa kiti, miguu nje, akavua aproni na kuikunja vizuri kuliko inavyohitaji kukunjwa. Alipozungumza sauti ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimwogopesha Soli kuliko kelele. Alisema afadhali Soli angemwambia tu kwamba hataki yeye aendeshe. Angeumia, lakini angejua anaumia kwa lipi. Kumsema kibandani alimsamehe, watu husema mengi ili kuchekesha. Lakini kuingia ndani ya gari siku kama hii, kwa mkono wake, hapo hajui tena anaishi na mtu wa namna gani.

Soli akaumia moyo kweli. Ukweli ukampanda hadi kwenye meno. Akafungua mdomo, akatazama mbele, akaviona viatu vya mama mkwe vimesimama palepale vikisubiri kusikia, na ile vuuum ikarudi tumboni.

"Nitanunua gundi yake yenyewe," akasema. "Ya magari."

Akatoka kwenda kwa muuza vipuri.

*

Muuza vipuri alimfahamu Soli, tena vizuri mno. Aliwahi kumpelekea makubazi, Soli akayabandika, nayo yakafumuka siku hiyohiyo ukweni, mbele ya wazee. Kwa hiyo alipoona nani anaingia dukani, akaweka viwiko mezani.

"Unataka gundi inayoshika," akauliza, "au kama ile yako?"

Soli akamwomba ile inayoshika. Alilipa kwa pesa aliyoiweka akiba ya kununulia ngozi, na bado ilibidi amsikilize muuza vipuri akimweleza kwa sauti, wateja wengine wakiwapo, kwamba hii si gundi ya viatu. Unasafisha kwa spiriti, unapaka, unabandika papo hapo, unashikilia. Huimbi, husubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena aangalie juu na chini ya kibati, kuna watu hukikosea. Soli akajibu kwamba juu na chini ya kitu anaijua tangu hajaota ndevu.

Nyumbani Shangazi alikuwa amekwisha kipata kibati na kukikwangua. Alikubali kusaidia, si kwa ajili ya mumewe, kwa ajili ya mtihani. Akasugua kioo kikubwa kwa spiriti ndani, akatoka nje, akachora alama kwa chaki ya shuleni mahali kibati kinapotakiwa kukaa. Soli akawa ndani, yeye nje, kioo kiko kati yao. Akamwonyesha kwa kidole: kushoto kidogo. Chini. Hapo. Walikuwa hawajatazamana kwa karibu hivyo kwa siku nyingi, na Soli akasahau kidogo ana nini mkononi.

Mkononi alikuwa na kibati. Upande mmoja kilikuwa kipana, upande mwingine chembamba, na umbo lile Soli amelishika maisha yake yote. Upande mpana ni wa vidole. Mwembamba ni kisigino. Na kisigino, uende nchi yoyote utakayo, hukaa chini. Akapaka, akabandika papo hapo, akashikilia kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote.

Gundi ya muuza vipuri, mwenye haki apewe haki yake, ilikuwa ya kweli. Ilishika kibati, ikashika na kidole gumba. Soli alikaa pale mkono juu, kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali, mpaka mama mkwe alipoleta mafuta ya kupikia na Shangazi akamnasua taratibu kwa ncha ya kijiko. Hakuna aliyecheka, kwa sababu walikuwa bado wamekasirika, lakini mama mkwe alilazimika kwenda kutazama ukuta.

Kisha Shangazi akachukua kioo kidogo ili akichomeke. Huchomekwa kutoka juu, kikateremka na kubanwa na upande mpana ulio chini. Akajaribu. Kikagoma. Akakigeuza, akakitazama kibati, akakitazama tena.

"Umekibandika kichwa chini."

"Kisigino kinakaa chini," akasema Soli.

"Hiki si kiatu, Soli."

Walijaribu kukibandua kwa koleo. Walijaribu maji ya moto. Mara hii kibati hakikutikisika. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuchomeka kioo kutoka chini, lakini kila walipokichomeka kiliteremka chenyewe na kumwangukia aliyekaa.

"Sasa ameifanya kazi kwa uhakika," akasema mama mkwe, akimwambia binti yake na si yeye. "Jana kilikuwa kinabandikika. Leo hata kubandikika hakibandikiki." Haikuwa jana, ilikuwa alasiri ileile, lakini Soli hakuona kama ni wakati wa kumsahihisha mama mkwe.

Shangazi akaenda kupiga pasi nguo za mtihani. Soli akabaki garini, akachomeka kioo kutoka chini, akakaza skrubu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kikakaa. Akatoka akinyata, akaufunga mlango kwa vidole viwili ili usikitikise.

*

Asubuhi shemeji akaja, kwa sababu mwanafunzi haruhusiwi kuendesha bila mwenye leseni pembeni. Alikuwa amevaa miwani ya jua ingawa jua lilikuwa bado halijaamua. Alikuwa amesimuliwa yote kwa simu, na alimsalimia Soli kwa jinsi mtu anavyomsalimia fundi aliyemharibia kitu na bado hajamlipa. Mama mkwe akaingia kiti cha nyuma. Shangazi akamwambia mumewe kwamba si lazima aje, wateja watamsubiri kibandani.

"Aje," akasema mama mkwe. "Nataka akae mahali ninapomwona."

Kwa hiyo Soli akaketi pembeni ya mama mkwe wake, goti kwa goti, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Alijibana kwenye mlango mpaka kishikio kikamchoma ubavu. Hata hivyo hakuweza kukosa kuona kitu kimoja: Shangazi alikuwa anajua. Aliondoka bila kushtua, alisubiri pa kusubiri, aliingia barabarani bila kuomba radhi kwa mtu. Soli akajisikia fahari, kisha akakumbuka kwamba hana haki ya kujisikia fahari.

Kioo kilistahimili barabara nzima. Kwenye tuta la mwisho, karibu kabisa na uwanja wa mtihani, kikateleza, kikapiga gia, kikatua mapajani mwa shemeji. Shemeji akavua miwani.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "kama hutaki dada aendeshe, sema kama mwanamume. Gari langu limekukosea nini?"

Shangazi akawasha taa ya pembeni, akatazama kioo cha mlangoni, akaegesha sawasawa na ukingo wa barabara, akavuta breki ya mkono. Mbele yao lilionekana lango la uwanja na watahiniwa wamejipanga. Alizima injini. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Nitawaambia kioo kimeng'oka, na wataniambia nirudi baada ya miezi," akasema. "Sawa. Lakini nataka nifike pale nikijua niko na nani nyumbani. Nieleze sasa, Soli. Uongo mwingine sitaki."

Soli akavitazama viatu vya mama mkwe. Vilihitaji visigino vipya, vyote viwili.

"Nilikuwa naendesha," akasema.

"Funguo nilikuwa nazo mimi," akasema mama mkwe.

"Kwa mdomo, mama."

Shemeji akauliza kwa mdomo vipi. Soli akasema ndiyo, kwa mdomo, kama watoto. Shemeji akasema huo ni uongo ambao hata mtoto angeuonea haya, na hapo Shangazi akamgeukia Soli kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Alimtazama mumewe kwa muda, macho makavu.

"Fanya," akasema.

"Hapa?"

"Hapahapa."

Soli akainua mikono hewani, akashika usukani usiokuwapo. Sauti ya kwanza ilitoka nyembamba na ya kuhuzunisha. Akasafisha koo. Vuuuum. Akaweka gia ya pili, ikakwaruza. Akaweka ya tatu. Akalipita lori, na alipolipita aliinama upande kwa mazoea, akamwegemea mama mkwe, akaomba radhi, akarudi njiani. Akapiga honi, pii piii. Akamwambia mwenye pikipiki aangalie aendako. Kisha akarudi kinyumenyume langoni mwa shule, tii, tii, tii, akageuza shingo, akainua mkono kupinda kioo, na mkono ukabaki juu.

"Hapo kikakatika," akasema.

Akaendelea, maana ukishavua nguo huna budi kuoga. Alisema mvua ilikuwa inanyesha. Yeye Shangazi alikuwa amekaa pale alipokaa kaka yake, amevaa gauni la bluu, naye Soli alikuwa anampeleka kazini asilowe. Alisema yeye si kwamba hataki. Anaona aibu. Mkewe atakuwa anakwenda na kurudi, anawajua polisi wa barabarani kwa sura, na yeye hata kuwasha hajui. Alipoona gari limesimama uani, alitaka tu aone ingekuwaje kama yeye ndiye dereva.

Mabega ya mama mkwe yalikuwa yanatikisika. Soli alidhani analia, akazidi kufadhaika.

"Mwanangu," mama akasema alipopata pumzi. "Ile ya kurudi nyuma. Irudie."

"Mama…"

"Irudie."

Tii, tii, tii, akafanya Soli, na mama mkwe akaangua kicheko kilichofuta heshima yote waliyoijenga tangu harusi. Shemeji akajigonga paji la uso kwenye dashibodi. Akataka kujua, katika lile jambo la lori, nani alikuwa na haki ya njia. Shangazi alicheka bila sauti, kichwa kimelala kwenye usukani, na aliponyanyuka ilibidi afute macho kwa ukosi wa gauni alilolipiga pasi kwa ajili ya mtihani.

"Gauni la bluu sina," akamwambia mumewe.

"Najua," akasema Soli. "Nilikuwa nimekununulia."

Shangazi akageukia mbele. Akakaa hivyo kidogo, akivuta pumzi, kisha akachukua kioo mapajani mwa kaka yake, akampa Soli nyuma bila kumtazama. "Haya, fundi," akasema. "Foleni inapungua."

Soli akavua kiatu. Kilikuwa kiatu chake kizuri, cha misibani na harusini. Akatoa kisu chake cha kazi, akaukata ulimi wa kiatu, akaukunja mara mbili na kuuchonga ukingo. Alipita katikati ya viti, tumbo juu ya breki ya mkono, akachomeka kioo kutoka chini na ile ngozi ndani yake, akasukuma mpaka ngozi ikalia, akakaza skrubu. Mama mkwe alimtazama mkono muda wote kuhakikisha hauna nyundo. Shemeji akakivuta kioo. Akajining'iniza kwacho kidogo. Hakikusogea.

*

Mtahini alikuwa mtu mzito mwenye haraka. Aliketi, gari likainama, na wote watatu waliosimama nje wakatazama juu kwenye kioo. Mtahini naye akakitazama. Akauliza ile nini inayochungulia pale. Shangazi akasema ni ngozi. Mtahini akauliza ngozi ya nini ndani ya gari. Shangazi akasema mume wake ni fundi, kana kwamba jibu hilo linatosha, na alivyolisema likatosha. Wakaondoka.

Wale watatu walikaa kwenye benchi. Shemeji alitembea, akakaa, akatembea. Mama mkwe aliomba kwa sauti ya chini. Soli, akiwa na kiatu kimoja kinachopwaya, aliliona gari likizunguka vijiti, likipanda mlima mdogo, likisimama, likirudi kinyumenyume kwa utulivu bila kugusa kitu, na jasho lilimtoka kama yeye ndiye anayerudi. Gari liliposimama, mtahini alishuka kwanza akiandika. Shangazi alikuja akitembea polepole, karatasi yenye muhuri mkononi, kama aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Hakusema amefaulu. Alimpa mama yake karatasi asome, na mama, ambaye hakuwa na miwani, akapiga kigelegele bila kuisoma.

Kurudi nyumbani njia inapita mbele ya kibanda cha Soli. Kwa mbali aliwaona: wateja wawili wameshika viatu vyao, wazee wa bao, kinyozi na mashine yake, watu walewale wa siku ile. Shangazi naye aliwaona. Akapunguza mwendo kabla ya kona.

"Nikushushe hapa?" akauliza, na haukuwa utani, sauti ilikuwa ya upole. "Utazungukia nyuma. Hawatajua ulikuja na nini."

Soli akafikiri. Mama mkwe na shemeji wakatazama nje, kila mtu upande wake, wakimwachia nafasi.

"Pita mbele yao," akasema. "Tena polepole."

Akateremsha dirisha, akatoa kiwiko nje. Shangazi akapita taratibu, amenyooka, macho mbele. Mmoja wa wateja akamwona kwanza, akampiga mwenzake kiwiko. Wazee wa bao wakaacha kete hewani. Mtu akapiga mluzi, mwingine akapiga kelele akimuuliza Soli na miguu yake ameiacha wapi. Soli akawapungia mkono wote, uso umemwiva kwa haya, meno yote nje. Walipokwisha kukipita kibanda, akageuka kutazama nyuma, na tabasamu likapungua. Kinyozi alikuwa amewapa mgongo, mashine inanguruma, ameinamia kisogo cha mteja.

Soli akasogea mbele mpaka kidevu kikawa juu ya bega la mkewe.

"Shangazi," akasema. "Zunguka tena. Kinyozi hakuona."